Cheche kwenye piano: tuangalie kapeti na hewa kabla ya kumlaumu fundi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi wa piano, mwanamke, mkazi wa Majengo hapa Moshi. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 22 kati ya Moshi na Arusha, makanisani, mashuleni, hotelini na kwenye nyumba chache za watu. Gazeti hili nalisoma siku zote lakini sijawahi kuliandikia. Kilichonisukuma leo ni zile cheche ndogo zinazoruka vidoleni hewa ikikauka. Najua wengi wataliona ni jambo dogo. Mimi limeniulia kifaa cha kazi, nusura linivunjie jina, na nimegundua kwamba vijana wanaoingia kwenye ufundi huu wanalichanganya na jambo jingine kabisa ambalo linaweza kumuua mtu.

Kwa asiyeijua kazi yetu, piano ya nyundo na nyuzi ina vibonye 88 na nyuzi kama 230, maana sauti nyingi zina nyuzi tatu tatu. Kila uzi umezungushwa kwenye pini ya chuma, na fundi anaigeuza pini kwa spana yake, kidogo sana, hata kwa upana usioonekana kwa macho, mpaka uzi ukae kwenye sauti yake. Zamani tulianza na uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili alichokibuni Mwingereza John Shore mwaka 1711. Walimu wetu wa kwaya walikigonga gotini, wakakisogeza sikioni, wakatoa sauti ya wimbo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya na alikuwa nacho, kinatoa noti ya A, yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Kutoka kwenye sauti hiyo moja fundi alizijenga nyingine zote kwa sikio.

Siku hizi tuna tyuna za elektroniki. Ni kisanduku chenye maikrofoni na kioo, au programu ndani ya simu. Unapiga kibonye, inasikiliza, inakuonyesha uzi uko juu au chini kwa senti ngapi, senti ikiwa ni sehemu moja kati ya 100 za nusu toni, yaani hatua ya kutoka kibonye kimoja hadi cha jirani yake. Sikio langu bado zima, nashukuru Mungu, lakini tyuna imenipunguzia saa za kazi, na mahali penye kelele za jikoni au watoto wa shule inasikia kile ambacho mimi nakikosa. Yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, imetumika, kwa shilingi milioni 1 na laki 8, nikalipa kwa awamu tatu. Niliifunika kwa khanga kila nilipolala nayo safarini.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, niliitwa kwenye hoteli moja nje kidogo ya jiji la Arusha, upande wa Mlima Meru. Piano yao kubwa ya mkia iko sebuleni, mahali wageni wanapokaa jioni. Nilipanda gari la alfajiri stendi ya Moshi, na nilipofika Arusha baridi ilikuwa ya kweli. Nilivaa sketi ndefu, ndani yake shimizi ya nailoni, juu sweta la mtumba la fliisi, miguuni viatu vya soli ya raba. Sebuleni walikuwa wamewasha hita mbili tangu usiku, na chini kulikuwa na kapeti jipya la nailoni, nene, zuri kwa macho. Sasa hivi, nikiandika orodha hiyo, naona kila kitu nilichokivaa na kila kitu nilichokikanyaga kilikuwa upande mmoja.

Dalili nilizipata mapema nikazipuuza. Shimizi ilinishika miguuni kama imelowa maji, na haikulowa. Nilipovua sweta nilisikia mlio mdogo mdogo, kama karanga zinazoanza kukaangwa. Dada wa usafi aliyekuwa anafuta meza akaniambia, "Mama, ukishika kitasa cha mlango ule uwe mwangalifu, kila asubuhi kinanipiga shoti." Nikamwitikia tu, nikaendelea kufungua mkoba wangu.

Nilipopiga A ya katikati, tyuna ikasema iko chini kwa senti 14. Nikaanza kazi. Karibu saa tano nilikuwa nimemaliza sehemu ya katikati na nimeingia kwenye sauti za juu. Nikaenda upande wa hita kuchukua kabari ya raba niliyoisahau, nikarudi juu ya kapeti hatua kama kumi, nikanyoosha mkono kurekebisha waya wa maikrofoni kwenye tyuna. Kabla kidole hakijagusa, cheche ya bluu iliruka kutoka kwenye ncha ya kidole ikaingia palepale kwenye tundu la maikrofoni. Ilikuwa nyembamba kama uzi wa sindano, urefu wake haukufika nusu ya ukucha. Nilisikia "ta!" na maumivu yakanifika mpaka kiwikoni. Taa zote za tyuna ziliwaka pamoja, hata zile ambazo huwa haziwaki pamoja. Kisha kioo kikawa cheusi.

Nilizima, nikawasha. Nikatoa betri, nikasubiri dakika kumi, nikairudisha. Iliwaka, ikaonyesha C wakati napiga A, ikarukia F, ikazima tena. Haijawaka mpaka leo.

Nilimaliza piano ile kwa uma wa baba na kwa sikio. F na A zilizo chini ya C ya katikati, zikikaa sawasawa, hutetema karibu mapigo 7 kwa sekunde zikipigwa pamoja, na ukishayajua mapigo hayo huyasahau, kama mwendo wa cherehani ya mama yako. Ilinichukua mpaka saa kumi na mbili jioni. Lakini meneja alikuwa ameiona ile cheche kutoka kaunta. Alinilipa nusu, akasema kifaa changu kimeipiga shoti piano ya hoteli, na kwa muda wa miezi miwili nikawa nasikia maneno hayo kwa watu ambao sijawahi hata kukutana nao. Simlaumu kwa kutojua, lakini maneno yake yalinifungia milango miwili ya kazi na ndiyo maana naeleza kwa kirefu.

Ile cheche haikutoka kwenye piano wala kwenye tyuna. Ilitoka kwangu. Kwa Kiswahili inaitwa umemetuli. Vitu viwili vya aina tofauti vikisuguana na kuachana, kimoja kinachukua chaji za kingine: soli ya raba na kapeti ya nailoni, fliisi na nywele, shimizi na sketi. Ni uleule mchezo wa watoto wa kusugua rula ya plastiki kichwani na kuokota vipande vya karatasi. Hewa ikiwa na unyevu, chaji hizo zinavuja polepole juu ya nguo, ngozi na sakafu bila wewe kujua. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 40 hivi, zinakosa njia, zinarundikana mwilini mpaka uguse chuma. Mtu akitembea juu ya kapeti kwenye hewa kavu anaweza kubeba volti zaidi ya 10,000. Hafi, kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo sana na inaisha kwa mpigo mmoja.

Lakini chipu ya elektroniki ina kuta za ndani nyembamba kupita kiasi, na kuna zinazotoboka kwa volti mia chache tu. Naomba kila fundi, wa piano, wa simu, wa redio, alishike hili: kidole cha binadamu hakihisi cheche iliyo chini ya volti kama 3,000. Maana yake unaweza kukitoboa kifaa chako bila kusikia chochote, bila mlio, bila maumivu. Na mara nyingine hakifi siku hiyohiyo. Kinabaki na jeraha ndani, kinafanya kazi wiki tatu, kisha kinaanza kuonyesha sauti za ajabu na wewe unailaumu betri. Nikikumbuka nyuma, tyuna yangu ilikuwa imeanza kuganda kioo tangu mwezi wa Juni, na niliona ni uzee.

Jambo la pili lilitokea huku kwetu Moshi, mwezi wa Februari mwaka huu, kwenye kanisa moja ambalo sitalitaja. Mzee wa kanisa alinipigia simu usiku. "Fundi, njoo haraka, piano inapiga shoti wapigaji. Kina mama wa kwaya hawataki tena kuisogelea." Nikamuuliza ni ya umeme? Akasema hapana, ni ileile ya zamani ya wamisionari.

Nilikwenda kesho yake mchana, jua kali, vumbi limejaa hadi kwenye kingo za madirisha. Ni piano ya kusimama, imara, fremu yake ya chuma nzito kiasi kwamba wanaume wanne waliisogeza kwa shida. Niliwaomba waigeuze ili mgongo wake uonekane. Nikamwita mzee akaangalia mwenyewe, nyuma, chini, ndani kwenye nyundo.

"Mzee wangu, umeona waya wowote wa umeme?"

"Sijaona."

"Hii piano haijawahi kuwa na umeme tangu itengenezwe."

"Sasa shoti inatoka wapi, fundi?"

Nikamwonyesha chini. Kamati ilikuwa imetandika kapeti jipya la nailoni madhabahuni kabla ya Krismasi, na majoho mapya ya kwaya yalikuwa poliesta tupu. Mpiga piano alikuwa anatembea kutoka kwenye viti vya kwaya, joho linaburuzika juu ya kapeti, anaketi kwenye kiti cha plastiki, ananyoosha mkono kufungua kifuniko chenye bawaba ya shaba. Hapo ndipo anapigwa. Nilivaa joho lenyewe, nikatembea, nikagusa bawaba, nikapigwa mbele ya macho yao. Kisha nikavua viatu na soksi, nikasimama kwenye saruji tupu pembeni ya kapeti, nikahesabu mpaka kumi, nikagusa tena. Kimya. Mzee akarudia mwenyewe mara tatu. Alipomaliza, aliketi kwenye benchi la mbele akasema walikuwa wameshaanza kuzungumza kuiuza ile piano kama chuma chakavu. Nilihisi baridi moyoni. Hawa ni watu wanaoipenda, babu zao waliimba nayo, na walikuwa karibu kuipeleka kwenye mizani ya vyuma kwa ajili ya kapeti.

Basi, Mhariri, nieleze ninavyofanya sasa, maana wapo wenzangu wanaobeba tyuna za gharama kuliko yangu, na wanaotumia simu zao kwa kazi hii. Kanuni yangu kubwa ni spana kwanza, tyuna baadaye. Nikifika kwenye piano, au nikirudi kwenye piano baada ya kutembea hata hatua tano, naishika spana mkononi na kuiweka kwenye pini kabla sijagusa kitu kingine chochote. Chaji niliyobeba inaingia kwenye fremu ya chuma, ambayo haina cha kuharibika. Nikiishika spana kwa chuma chake, ile cheche inarukia kwenye ncha ya spana badala ya ngozi yangu, kwa hiyo hata siumii. Nikishagusana na fremu, tyuna iliyowekwa pale kwenye piano na mimi tuko sawa, hakuna tena sababu ya kitu kuruka kati yetu.

Ila piano yenyewe imesimama kwenye magurudumu, mara nyingi juu ya kapeti, haijaungana na ardhi. Inagawana chaji na wewe, haiimalizi. Kwa hiyo mahali penye saruji tupu au ukuta wa tofali uliopakwa chokaa, naweka kiganja chote ukutani kwa muda kabla ya kuanza. Ukuta unanyonya polepole, huhisi chochote. Na sakafu ikiwa ya saruji navua viatu. Watu wananishangaa, mama mzima yuko peku mbele ya piano ya hoteli, na mimi nawaeleza sababu. Bomba la maji la chuma ni zuri pia, lakini nyumba nyingi siku hizi bomba ni za plastiki na hizo hazisaidii lolote.

Nguo nazo. Nimeacha fliisi na nailoni siku za kazi. Navaa gauni la pamba na khanga ya pamba kiunoni, na baridi ikizidi navaa sweta la pamba nzito. Wigi za nywele bandia zinavuta chaji vilevile. Sifuti kioo cha tyuna kwa kitambaa kikavu cha poliesta, nafuta kwa pamba yenye unyevu kidogo. Tyuna siiweki chini kwenye kapeti hata kwa dakika moja, na waya wa maikrofoni nauchomeka kabla ya kuiwasha, nikiwa nimeshagusa fremu. Safarini siibebi tena kwenye mfuko wa nailoni wala kwenye lile boksi jeupe jepesi linalokuja na televisheni, maana hilo likisuguana linajaa chaji kupita kiasi. Mafundi kompyuta mjini hupokea vipuri ndani ya mifuko maalumu, mingine ya rangi ya waridi, mingine ya kijivu inayong'aa kama fedha. Wanaitupa. Waombeni. Ya waridi haijijazi chaji yenyewe, na ile ya kijivu inakinga hata cheche ya nje. Mafundi simu pia wana mkanda wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono wenye waya na kidude cha kuzuia umeme cha ohmu milioni 1 ndani yake. Unaubana kwenye fremu ya piano, na wewe na piano mnabaki sawa muda wote wa kazi. Ninao sasa, nauvaa nikifanya kazi juu ya kapeti. Uvuliwe kabla mtu hajagusa chochote chenye umeme wa ukutani.

Na hapo ndipo nafika kwenye lile la hatari. Miezi michache iliyopita kijana mmoja anayejifunza kutyuni alinipigia simu kutoka Arusha. "Shikamoo mama. Nasikia tatizo lako la cheche, mimi pia ninalo, nikishika chuma cha piano mkono unatekenya." Nikamuuliza, unatekenya mara moja au mfululizo? Akasema mfululizo, tangu asubuhi, kila akigusa. Nikamwambia aache kila kitu, asimame mbali, anieleze alichochomeka ukutani.

Alikuwa anatumia programu kwenye simu, simu ipo kwenye chaja, chaja ipo kwenye ekstensheni pamoja na kinanda cha umeme na spika. Plagi ya ekstensheni ilikuwa ya miguu miwili, soketi ya matundu matatu. Sote tunajua namna watu wanavyofanya: anachukua mfuniko wa kalamu ya bik, anausukuma kwenye tundu la juu ili matundu mawili ya chini yafunguke, kisha anachomeka. Lile tundu la juu ndilo la ethi, waya wa kwenda ardhini. Alikuwa ameliziba kwa plastiki. Kifaa kimojawapo kilikuwa kinavuja umeme, na umeme huo haukuwa na njia ya kurudi ardhini ila kupitia kwake.

Huo siyo umemetuli hata kidogo. Umemetuli unapiga mara moja, "ta", umekwisha, na mpaka utembee tena ndipo ujae tena. Umeme unaotekenya mfululizo, au unaouma zaidi ukiwa peku au mikono imelowa, ni wa ukutani, volti 230, na una nguvu ya kuusimamisha moyo. Ukiuhisi, zima swichi ya ukutani, chomoa kila kitu, uite fundi umeme mwenye ujuzi aangalie ethi ya nyumba. Usijaribu kuutibu kwa kuvua viatu, maana hapo unajitengenezea njia. Nimeshaeleza juu kwamba mimi navua viatu, kwa hiyo naomba nisieleweke vibaya: navua pale tu ambapo hakuna hata kifaa kimoja kilichochomekwa ukutani karibu na piano. Tyuna yangu ilikuwa ya betri, na simu yangu natyuni nayo ikiwa imechomolewa kwenye chaja. Kuna faida nyingine pia. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na ile G ya chini kabisa kwenye piano inatetema mara 49. Mngurumo wa spika au chaja ukiingia kwenye maikrofoni, tyuna inaweza kuufuata mngurumo badala ya uzi, ukapandisha uzi kwa senti 35 bila kujua.

Kwa wenye piano, yaani kamati za makanisa, walimu wakuu, wenye hoteli, ombi langu ni la hewa. Cheche mnayoiona kwenye kitasa inawaambia habari za piano. Ubao wa sauti ulio ndani yake ni mti, unakunywa unyevu na kuutoa. Masika unavimba, unazisukuma nyuzi, sauti inapanda. Kiangazi, au hita zikiwaka usiku kucha, unasinyaa, nyuzi zinalegea, sauti inashuka, na kwanza inashuka pale katikati kuelekea chini, ambapo ndipo wanaume wa kwaya wanapoimba. Zile senti 14 nilizozikuta hotelini na ile cheche iliyoua tyuna yangu vilitoka kwenye hewa moja. Nilipopima baadaye kwa kipima unyevu, sebule ile ilikuwa na asilimia 31. Ubao ukikaa kwenye ukavu huo miaka mingi unapasuka, na pini zinalegea kwenye mti wake, na hapo hakuna fundi wa kuwasaidia kwa bei ya kawaida.

Nunueni kipima unyevu, ni kidogo kama saa ya mezani, mkiweke karibu na piano. Kikishuka chini ya 40, punguzeni hita, wekeni beseni la maji karibu na piano au tundikeni taulo mbichi mbili chumbani. Piga deki mara kwa mara. Beseni lisiwekwe juu ya piano, na vilevile chombo cha maua. Nimeshafungua piano mbili zilizoota kutu kwa sababu ya maua ya harusi. Kapeti la nailoni liondoeni chini ya piano na mahali pa kupita mpigaji. Kama haliondoki, kilainisha nguo kidogo ndani ya chupa ya kunyunyizia yenye maji, kinyunyizwe kwenye kapeti peke yake, mbali na mbao, kinapunguza sana.

Kule kanisani wamekata kapeti mita moja na nusu kuizunguka piano, na pale chini imebaki saruji. Mzee wa kanisa ameweka kiti cha mbao badala ya kile cha plastiki. Kina mama wamerudi.

Hotelini nilirudi mwezi wa Mei baada ya meneja yule kuhamishwa. Yule dada wa usafi aliyenionya kuhusu kitasa, ndiye niliyempa kipima unyevu, na ndiye aliyeniomba nimfundishe kukisoma. Ana daftari. Kila asubuhi kabla ya kufuta meza anaandika tarehe na namba, kisha ananitumia ujumbe. Wiki hii ameandika 44, 43, 39, akaweka beseni, 41. Asubuhi ya leo: 42, na chini yake, "Mama, kitasa hakijanipiga." Kesho kutwa nakwenda kuityuni, na uma wa baba yangu uko tayari kwenye mkoba.

Fundi Piano,
Majengo, Moshi.